Kabureta ya Mavuno

Chini ya dashibodi ya gari la baba, karibu na usukani, kuna kitu kigumu chenye ukubwa wa haragwe. Mwezi uliopita, tulipokuwa tunasafisha ua wa nyumbani pale Sekei, Arusha, baada ya kutimiza mwaka tangu tumzike, nilipenyeza mkono pale nikitafuta ufunguo wa akiba na kidole changu kikakigusa. Nikaacha kutafuta ufunguo. Watu walikuwa wananisubiri nje, na mimi nimekaa ndani ya gari lisilo na betri, mlango wazi, nacheka peke yangu. Harufu ya vile viti vya plastiki vilivyochomwa na jua, ikichanganyika na petroli ya zamani, ilinirudisha moja kwa moja kwenye umri wa miaka tisa, nikiwa na pengo la meno mbele na dhambi moja kubwa moyoni.

Nyie wa umri wangu mnakumbuka ilivyokuwa. Tulikuwa tumetoka kwenye foleni za sukari na sabuni za kugawana kwa kukata vipande, na ghafla maduka yakajaa. Mtaani kwetu kila baada ya muda geti la mtu lilifunguliwa kupitisha gari jipya, maana yake gari kuukuu kutoka Japani, lenye vibandiko vya maandishi ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma wala aliyethubutu kuyabandua. La kwetu halikuwa hivyo. La kwetu lilikuwa la Kijerumani, la zamani, rangi ya krimu, na lilikuwa limekaa juu ya mawe.

Baba alikuwa mwalimu wa jiografia. Gari alilinunua kwa Mzungu mmoja wa shamba la kahawa aliyekuwa anafungasha kurudi kwao. Alitueleza mara nyingi kuwa gari hili halikuwa na kabureta kama magari ya watu wengine. Lilikuwa na injeksheni. Neno hilo alilitamka taratibu, kwa namna ambayo watu wengine hutaja shule waliyosoma. Kulikuwa na kisanduku cha umeme kilichoamua injini ipewe petroli kiasi gani, na vijipua vidogo vilivyoinyunyiza ndani kwa nguvu. Siku moja kisanduku kile kilikufa, na hapakuwa na fundi Arusha nzima aliyekuwa na kingine, wala aliyetaka kukigusa kilichokufa. Baba aliandika barua Ujerumani. Hatukujibiwa.

Basi gari likawa langu. Nilifanyia humo kazi za shule, nikalala humo mchana, nikagombana na kuku waliotaga kwenye kiti cha nyuma. Mama, kwa upande wake, alilitazama gari lile kama mtu anavyomtazama mgeni aliyesema atakaa siku tatu. Wakati ule kila mama aliyejiweza alikuwa anaanzisha mradi wa kuku wa mayai, na mahali pazuri pa banda uani kwetu ni pale pale lilipokaa gari.

"Baba Naisho," alikuwa akisema, "kuku wenyewe wameshaonyesha pa kutaga. Wewe unabishana na kuku?"

Baba alikuwa akicheka tu, anachukua kitambaa, anaenda kufuta vioo.

Sasa nije kwenye Jumapili ya mavuno. Kanisani kwetu siku hiyo kila mtu huleta alichovuna. Wenye mashamba walileta mikungu ya ndizi, maharage, kuku waliofungwa miguu, na mbuzi mmoja aliyekuwa anaitikia mahubiri kutoka nje. Mchungaji aliviombea vyote. Akasema, "Bwana, vyote vilivyowekwa mbele ya madhabahu yako ni vyako." Halafu tukatoka kwenye mnada kama ilivyo ada, ambapo vitu vya Bwana hununuliwa na watu wale wale waliovileta.

Kati ya mkungu wa ndizi na debe la mahindi palikuwa na kitu kimefunikwa kitambaa cheupe. Kilikuwa kimeletwa na fundi Elisaria, Mchaga wa Machame mwenye gereji Kaloleni. Yeye kila mwaka alileta mavuno ya mikono yake, na mikono yake haikuvuna ndizi. Mzee wa kanisa aliyekuwa anaendesha mnada alifunua kitambaa, akakitazama kile kitu mbele na nyuma.

"Wapendwa, hiki ni... chombo. Fundi, kinaliwa hiki?"

"Hakiliwi, mzee. Kinakunywa."

Watu wakaangua kicheko. Ilikuwa kabureta ya pikapu ya Kijapani iliyoanguka bondeni. Fundi alikuwa ameiosha na kuisugua mpaka inang'aa kuliko vikombe vya meza ya Bwana. Mama mmoja alianza kuitaka, akisema itamfaa kuzuia mlango usipigwe na upepo. Baba akanyoosha mkono. Mama mwenye mlango akaongeza. Baba akanyoosha tena, mpaka yule mama akakata tamaa na kabureta ikawa yetu. Mama yangu alikuwa amemtuma anunue ndizi.

Fundi alikuja kumpa mkono. "Hongera, Mwalimu. Kumbe una pikapu?"

"Sina. Ni kwa ajili ya gari langu, lile la krimu."

Fundi aliacha kutikisa mkono lakini hakuuachia. "Lile la injeksheni? Mwalimu, lile halina mahali pa kukaa kabureta."

"Ndiyo maana nakuhitaji wewe," baba akasema. "Mahali pangekuwepo ningeiweka mwenyewe."

Mama alikuwa ameshika tama. Tulipofika getini alisema yote kwa mkupuo. Alikwishaongea na mnunuzi wa chuma chakavu. Mtu huyo angekuja Jumatatu ya wiki ile nyingine na mkokoteni wake na watu wake, na gari lingeondoka vipande vipande, na habari ingeishia hapo.

"Na likitembea?" baba akauliza.

"Litembee kwenda wapi?"

"Kwa mama. Jumapili, siku moja kabla ya Jumatatu yako."

Kwa mama maana yake kwa Koko, bibi yangu mzaa baba, kule juu ya Ngaramtoni, ambako barabara inaacha lami na kuanza kupanda Mlima Meru bila kuomba radhi. Mama alicheka kwa mara ya kwanza siku ile.

"Likifika kwa Koko na kurudi kwa miguu yake, kuku wangu nitawafugia chumbani kwetu, upande wako wa kitanda."

Mimi nilisikiliza mapatano yale nikiwa na siri yangu. Asubuhi ile, kabla ya shule ya Jumapili, mama alikuwa amenipa sarafu ya sadaka. Nje ya geti la kanisa kulikuwa na kioski kilichokuwa kimeanza kuuza bablishi, zile pipi za kutafuna, nyekundu, zenye picha ndani ya karatasi, kitu ambacho miaka miwili nyuma hatukukijua hata kwa ndoto. Kikapu cha sadaka kilipopita nilitumbukiza ngumi, nikafungua vidole hewani, nikaitoa. Bablishi ilikuwa mfukoni. Niliporudi nyumbani sikuthubutu kuila. Niliificha kwenye kisahani cha majivu ndani ya gari, nikakifunga na kukaa mbali nacho kama kina meno.

Mnaona nilivyokuwa nimejiingiza matatani. Kabureta ilikuwa imewekwa mbele ya madhabahu na kuombewa, na mchungaji alisema kwa sauti kuwa vyote vile ni vya Bwana. Hakusema kwamba vikinunuliwa vinaacha kuwa vyake. Kwa akili yangu gari letu lilikuwa linaenda kufungwa kiungo cha Mungu mwenyewe, na ndani ya gari hilo hilo nilikuwa nimeficha mali niliyomwibia. Nilimhurumia sana baba, asiyejua analala na nani nyumba moja.

Fundi Elisaria alianza Jumatatu. Aling'oa vijipua vyote, akaziba matundu yake kwa boliti. Akakata bamba la alumini kwa msumeno wa chuma, akalitoboa, akalipiga tupa jioni mbili nzima mpaka upande mmoja ukakubali injini ya Kijerumani na upande wa pili ukakubali kabureta ya Kijapani. Gasketi alizikata kwa mkasi wa mama wa kushonea, jambo ambalo mama aligundua baadaye. Ua mzima ulinuka petroli na chuma kilichosuguliwa. Baba akitoka shuleni alivua koti, anakunja mikono ya shati, anashika taa ya mkono hata kama jua linawaka. Sikuwahi kumwona na furaha namna ile, na furaha yake ilizidi kunitesa.

Tatizo likawa pampu. Pampu ya injeksheni inasukuma petroli kwa nguvu sana, na kabureta ni kitu cha upole. Kila fundi alipowasha, kabureta ilifurika na petroli ikamwagika juu ya injini. Alijaribu hivi na vile, mwisho akaikata pampu kabisa. Akafunga galoni ya lita tano juu ya paa, kwenye chuma cha kubebea mizigo, akateremsha mpira mwembamba kutoka kwenye galoni mpaka kwenye kabureta.

"Mafuta yashuke yenyewe kwa uzito wake," alimwambia baba. "Huku Meru hata maji ya kunywa yanatufikia hivyo hivyo."

Jumamosi mchana injini ilikubali. Walizunguka Sekei yote, baba akipiga honi kwa kila aliyemjua na kwa wengi asiowajua. Hata mama alitoka getini kutazama, ingawa alijifanya anamwaga maji.

Jioni ile wote walikuwa ndani wanakula, na mimi nikabaki na gari. Nikashindwa. Nilifungua kisahani cha majivu, nikamenya bablishi, nikaitia mdomoni. Utamu ule sitausahau. Lakini nilipotafuna mara ya kumi hivi, hofu ikanikamata kisawasawa, nikaamua kutubu kwa vitendo. Nilipanda juu ya boneti kuitazama kwa karibu galoni inayokinywesha chombo cha Bwana. Kwenye kifuniko chekundu cha galoni nikaona tundu dogo, la kupitisha msumari tu, linatoa harufu ya petroli. Nikajua nimeonyeshwa la kufanya. Petroli ya Bwana ilikuwa inapotea kwa tundu lile, na mimi nilikuwa na kitu cha kulizibia, tena kitu kilichonunuliwa kwa pesa yake. Nikaitoa bablishi mdomoni, nikaibandika, nikailainisha kwa kidole gumba mpaka huwezi kuitofautisha na kifuniko. Usiku ule nililala vizuri.

Jumapili baada ya ibada tuliondoka, fundi akiwa kwenye usukani, baba pembeni yake, mama na mimi nyuma. Mama alikuwa amevaa gauni lake la kitenge na viatu vya kisigino, vazi la mtu asiyetegemea kusukuma, au pengine la mtu anayetaka kuonekana akisukuma. Tulipita mjini vizuri, tukashika barabara ya Nairobi, baba akiimba wimbo wa mavuno.

Baada ya Sakina gari likakohoa mara mbili na kuzima.

Wote tukashuka. Fundi alipanda kwenye kizingiti cha mlango, akafungua galoni kuchungulia. "Mafuta yapo," akasema, akafunika. Akajaribu kuwasha, likawaka. Tukapanda. Karibu na Ngaramtoni likazima tena, tukashuka tena, akachungulia tena, mafuta yapo, akafunika, likawaka tena. Fundi alianza kukuna kichwa. Mama alianza kutabasamu.

Mimi nilikuwa nimeshaelewa kila kitu. Gari lilizima nikiwa ndani, na lilikubali kuwaka nikiwa nimesimama nje. Sadaka yangu ilikuwa imekataliwa. Na kwa nini isikataliwe? Ni nani anayempa Mungu kitu alichokwisha kukitafuna?

Tulikata kulia tukaanza kupanda. Pale kwenye kona ya mikaratusi, nyumba ya Koko ikionekana kabisa kule juu, na watu wametoka kutazama vumbi letu, gari likazima kwa mara ya tatu. Safari hii baba aliacha kuimba. Alikaa akitazama mlima kupitia kioo cha mbele, mikono juu ya magoti. Mama akaacha kutabasamu. Nadhani hata yeye hakuwa amejua kwamba angeumia kumwona hivyo.

Fundi alichungulia galoni, akafunika, akawasha. Likawaka.

"Haya, ingieni haraka!"

"Mimi siingii," nikasema.

"Naisho, ingia kwenye gari," mama akasema.

"Nendeni tu. Nitatembea. Nikiingia litazima."

Baba alishuka, akachuchumaa mbele yangu. "Nani kakwambia hivyo, mwanangu?"

Hapo kilio kikaniponyoka na maneno yakafuatana nacho: sarafu, kikapu, ngumi niliyoifungua hewani, kioski, kabureta ya Mungu, na jinsi nilivyojaribu kurudisha lakini Mungu akakataa. Wachunga mbuzi wawili walisimama kusikiliza ungamo langu.

"Kula sadaka!" mama akashika kichwa. "Kwa bablishi! Na hiyo bablishi yenyewe iko wapi?"

Nikanyoosha kidole juu ya paa.

"Iko wapi?" fundi akauliza. Alikuwa ameshatoka kwenye usukani.

"Kwenye tundu la kifuniko. Nililiziba, mafuta ya Mungu yasipotee."

Fundi Elisaria alinitazama, akaitazama galoni. Akapanda, akapitisha ukucha juu ya kifuniko, bablishi ikabanduka. Galoni ikavuta pumzi, *fyuu*, mimi mwenyewe niliisikia. Fundi akateremka taratibu na kukaa chini kwenye vumbi na suruali yake ya kanisani, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Mwalimu," alisema alipoweza, "tundu lile nililitoboa mimi. Hewa isipoingia juu, mafuta hayashuki chini. Kila nikifungua kuchungulia, hewa inaingia, gari linawaka. Nikifunika, nalinyonga. Nimefunga na kufungua njia nzima, na sikuona!" Akageukia kwangu. "Na wewe ulikuwa unasema kweli. Dhambi yako ndiyo imetuzimia gari. Mchungaji mwenyewe asingeipata."

Nilitazama uso wa mama nikingoja kofi. Mama alikuwa ameuma mdomo, mabega yanatikisika.

"Kumbe gari ni zima," akasema. "Mbovu ni mtoto."

Akaangua kicheko, akanivuta, akanifuta makamasi kwa ncha ya kitenge chake cha Jumapili. Nilipendwa sana pale kwenye kona ile, na nilijua napendwa. Baba aliichukua bablishi kwenye kidole cha fundi, akaigeuza. Ilikuwa bado na alama ya pengo langu upande mmoja. Aliingia garini akaibandika chini ya dashibodi kwa kidole gumba.

"Ikae hapa," akasema, "tusije tukasahau kilichotusimamisha."

Tulifika kwa Koko bila kukohoa hata mara moja. Koko alilizunguka gari lote kwa fimbo yake, nikamsalimia shikamoo akaitikia bila kuacha kulikagua. Mwisho akasimama akitazama ile galoni juu ya paa.

"Mlisema ni gari la Wazungu," akamwambia baba. "Mbona linabeba kichwani kama sisi?"

Akakataa kutuachia turudi mpaka naye azungushwe hadi kanisani kwao na kurudishwa, akiwa amekaa mbele, dirisha wazi.

Jumatatu yule mtu wa chuma chakavu alikuja na mkokoteni na vijana wake wawili. Baba alikuwa ameshaenda shule, kwa gari. Mama ndiye aliyefungua geti, nami nilikuwa nyuma yake nimebeba begi. Yule mtu akauliza chuma kiko wapi. Mama akamwambia, kwa ile sauti ya baba ya kutaja injeksheni, kwamba nyumba hii haina chuma chakavu, ina gari. Kuku wa mayai walijengewa banda upande wa pili, ilipokuwa migomba, na walitaga vizuri tu.

Baadaye gari lilipata pampu ndogo ya kistaarabu na ile galoni ikashuka kwenye paa, lakini kabureta ilibaki ile ile miaka yote, mpaka macho ya baba yalipokataa kuendesha. Sasa gari linaenda kwa kijana mmoja anayekusanya magari ya zamani. Alikuja siku ile ile tuliyokuwa tunasafisha ua. Ndiye aliyekuwa nje akinisubiri nimalize kucheka. Ni kijana mwenye adabu. Alinionyesha kwenye simu yake kwamba kile kisanduku cha umeme baba alichokiandikia barua sasa kinaagizwa na kufika ndani ya wiki mbili. Atalirudishia gari injeksheni yake. Nilifurahi kwa niaba ya baba, na kidogo nikaona wivu kwa niaba ya fundi Elisaria. Kabureta nimemwomba niichukue mimi. Ninacho kitambaa cheupe, na ninajua siku ya kuipeleka.

Kisha akaingia kukagua ndani. Aligusa usukani, akagusa viti, akapapasa chini ya dashibodi na mkono wake ukasimama.

"Mama, hapa kuna bablishi imekauka. Nitaibandua nikisafisha."

"Hapana," nikamwambia. "Hiyo iache ilipo. Ni sadaka. Ilichelewa kufika."